Daktari Haulizi Salamu



Katika lugha yetu mtu huulizwa "Hujambo?" naye hujibu "Sijambo", yaani hana jambo lililomfika. Hata aliyelala kitandani wiki nzima hujibu vivyo hivyo, kisha baada ya kitambo huongeza neno dogo la "ila": "Sijambo, ila miguu tu." "Mzima, alhamdulillah, ila usingizi ndio sina." Sisi tuliolelewa katika lugha hii tunafahamu kwamba maradhi yenyewe yamekaa nyuma ya "ila" hiyo, na mwenyeji mwenye adabu huwa na subira ya kuingoja. Ni desturi nzuri. Humzuia mtu kumtwika mwenziwe mzigo mlangoni kabla hajaketi, na hutanguliza shukrani kwa Mola kabla ya malalamiko.

Lakini desturi hiyo tukiingia nayo katika chumba cha daktari, mambo huharibika. Daktari wa zahanati asubuhi ya Jumatatu ana foleni ndefu nje. Anauliza, "Hujambo, mama? Unaendeleaje?" Mama anajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Daktari anaandika kuwa mgonjwa anaendelea vizuri, anamrudishia daftari lake, anamwita mwingine. Ile "ila" inatoka na mama mlangoni, inapanda naye daladala, inafika naye nyumbani, na huko ndiko anakoeleza yote kwa urefu, akiwa amekaa jamvini na shoga yake ambaye hana dawa ya kumpa.

Kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti, kwa anayeijua, haiishii katika kuandika mihtasari ya vikao. Katibu huandika barua za kuombea watu msaada wa matibabu, huchangisha nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya rufaa, hutafuta gari usiku wa manane, na inapobidi huandika tangazo la mazishi. Kwa hiyo habari za maradhi hunifikia kwa njia mbili: huyaona aliyoyaandika daktari katika barua ya rufaa, na huyasikia aliyoyasema mgonjwa barazani. Mara nyingi habari hizo mbili hazifanani, utadhani zinahusu watu wawili tofauti. Nimeona wiki hii niandike juu ya tofauti hiyo, kwa sababu wapo wanaokufa kwa ajili yake.

Kwanza niondoe dhana moja. Wapo wanaoona kwamba kutaja maumivu ni upungufu wa subira, na kwamba Muislamu mkamilifu hujibu "Alhamdulillah" akanyamaza. Shukrani ni wajibu, wala hakuna anayeikataza. Ila Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Wagonjwa kilichomo ndani ya Sahihi yake, ameweka mlango mahsusi wa kuonesha kwamba inajuzu mgonjwa kusema anaumwa na kwamba maumivu yake yamezidi. Humo imo habari ya Bibi Aisha (RA) aliyelalamikia kichwa chake, na Mtume (SAW) naye akamwambia kuwa kichwa chake yeye kinauma zaidi. Na Nabii Ayyub (AS), ambaye kila mwenye kutaka mfano wa subira humtaja, aliyataja madhara yaliyompata alipomwomba Mola wake. Ikiwa kulitaja jambo mbele ya Anayelijua hakukumtoa katika subira, basi kulitaja mbele ya daktari asiyelijua hakuwezi kuwa dhambi.

Neno la pili linalotuponza ni "ndiyo". Kwetu mdogo hambishii mkubwa, na mwenye elimu huhesabiwa mkubwa hata akiwa kijana wa miaka 26. Daktari akieleza, mgonjwa huitikia: "Ndiyo, daktari. Naam. Sawa." Daktari husikia kwamba mgonjwa ameelewa na atatenda. Mgonjwa amekusudia kusema kwamba amesikia na kwamba anamheshimu. Baina ya maana hizo mbili pana nafasi kubwa, na mwezi wa Ramadhani hudhihirisha ukubwa wake.

Daktari anamwambia mwenye kisukari, "Wewe usifunge." Anajibiwa, "Ndiyo, daktari." Mgonjwa anafika nyumbani, anaona mwezi umeandama, jirani zake wamenuia, watoto wake wamenuia, naye ananuia pamoja nao, na sindano ya asubuhi anaihamishia jioni kwa rai yake mwenyewe. Mwaka 2001 ulifanyika utafiti katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, na ikaonekana kwamba takriban asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili, na asilimia 43 ya wenye aina ya kwanza, walifunga siku zisizopungua 15 za mwezi. Kwa hiyo daktari akae akijua kwamba wengi katika wagonjwa wake Waislamu watafunga. Lililobaki ni kama watafunga kwa siri au kwa ushauri wake. Daktari anayeuliza mapema, tangu mwezi wa Shaabani, "Mzee, umekusudia kufunga?" hupata jibu la kweli, na hapo huweza kumwambia huyu kwamba hatari yake ni kubwa mno, na yule kwamba kipimo cha dawa kitabadilishwa na sukari ipimwe mchana. Hapa huzuka hofu nyingine isiyosemwa: mtu anaogopa kujitoboa kidole kupima sukari, au kudungwa sindano, asije akaharibu swaumu. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililopo Jeddah lilikwisha toa uamuzi mwaka 1997 kwamba sindano isiyo ya lishe haivunji swaumu, wala kutolewa damu ya kupima hakuivunji. Daktari asiye Muislamu hana namna ya kujua kwamba mgonjwa wake anahofia hilo. Mgonjwa haulizi, naye daktari haelezi.

Na sisi majirani tunaomwambia mwenye sukari "jitahidi tu, Mungu atakusaidia," tujihadhari. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185. Imepokewa kutoka kwa Jabir (RA) habari ya msafiri aliyepasuliwa kichwa na jiwe, kisha akalazimikiwa na josho. Aliwauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamwambia hawaoni ruhusa kwake madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (SAW) alipopata habari alighadhibika sana, na akabainisha kwamba asiyejua tiba yake ni kuuliza. Waliompa jibu lile walikuwa watu wema, waliokusudia kuilinda dini.

Sasa nifike katika jambo ambalo kurasa za familia aghalabu hulipita kwa mbali.

Kiswahili cha pwani ni lugha ya stara. Sehemu ya mwili iliyo baina ya kitovu na magoti tumeifunika kwa nguo, na tumeifunika kwa maneno pia: "tumbo", "kiuno", "mgongo", "chini". Mzee anayeamka mara tano usiku kwenda haja ndogo huenda hospitali akasema mgongo unamuuma, hasa akikuta mbele yake daktari ni binti wa rika la mjukuu wake, ambaye pengine hata shikamoo hakumpa. Anaandikiwa picha ya mgongo, na tezi dume yake inaendelea kukua. Mwanamume wa Tanga au wa Lindi akisema ana "mshipa", huenda ni ngiri anayoikusudia, au busha. Daktari aliyekulia bara anafikiria mshipa wa damu. (Na kwa kuwa nimelitaja busha: bado wapo wanaoamini kwamba huletwa na kunywa madafu. Busha la huku kwetu pwani mara nyingi huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na upasuaji wake unajulikana. Madafu hayana kosa.)

Katika mtaa wetu alikuwapo mama mmoja wa umri wa miaka arobaini na kitu. Jamaa zake wameridhia niyaseme haya bila ya kumtaja. Mama huyu alikuwa akitokwa na damu kila baada ya tendo la ndoa. Katika muda usiofikia mwaka alikwenda kutibiwa mara tatu. Mara ya kwanza alikwenda na mumewe, na kila swali lililoulizwa mume ndiye aliyelijibu. Alisema mkewe anaumwa tumbo, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa nyumbani. Akapewa dawa za minyoo. Mara ya pili alikwenda peke yake, akakuta chumba kina meza mbili, madaktari wawili na wagonjwa wawili, na pazia la katikati halikuvutwa. Akasema "tumbo la chini", akapewa dawa za maambukizi ya mkojo. Mara ya tatu alijikaza akasema, "Damu zinanisumbua." Daktari akauliza bila ya kuinua kichwa, "Ni siku zako?" Naye akajibu ndiyo, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa jepesi kutamkika kuliko lile la kweli. Akaambiwa kwamba katika umri wake ni kawaida siku kuvurugika.

Yule aliyekuja kuufahamu ugonjwa wake hakuwa daktari. Alikuwa ustadhat wa darsa la akina mama linalofanyika msikitini kwetu kila Jumatano baada ya Alasiri. Siku hiyo lilisomeshwa somo la istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi wala ya nifasi, ambayo haimzuii mwanamke kuswali. Baada ya darsa mama yule alibaki nyuma akauliza suala lake kwa utulivu kabisa: damu ambayo huja baada ya kukutana na mume, hudumu siku moja au mbili, rangi yake hivi, na haikuwa katika ada yake tangu avunje ungo, je, inamlazimu josho au udhu unatosha? Ustadhat alimjibu suala la swala, kisha akamshika mkono, na kesho yake akafuatana naye hospitali. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, nayo ilikwisha kusonga mbele. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nimelifikiri tukio hilo mara nyingi. Mama yule hakukosa maneno. Aliyoyasema mbele ya ustadhat wake, kuhusu wakati, muda, rangi na ada, ndiyo hasa daktari angetaka kuyasikia, na aliyasema kwa lugha safi isiyo na neno moja la aibu. Fiqhi imetufunza tangu utotoni kuzungumza juu ya hedhi, nifasi, istihadha, manii na madhi, kwa kuwa swala zetu zimefungamana nayo. Watu husema kwamba utamaduni wa Muislamu wa pwani humfunga mdomo mbele ya daktari. Mimi naona utamaduni huo huo umempa msamiati ambao wengine hawana, ila hakuna aliyemwambia kwamba msamiati ule unaruhusiwa kutoka darasani ukaingia hospitalini. Daktari aliyemuuliza "Ni siku zako?" angemuuliza "Ni hedhi, au ni istihadha?", huenda angepata jibu jingine.

Haya yenyewe haikatazwi. Sayyidna Ali (RA) alikuwa akitokwa na madhi kwa wingi, na akaona haya kumuuliza Mtume (SAW), kwa kuwa alikuwa mume wa binti yake. Alichofanya ni kumtuma Miqdad (RA) akamuulizie. Haya yake ilibaki, na suala likafika. Bibi Aisha (RA) naye aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi mama asiyeweza kusema mbele ya mumewe na aende na dada yake, au na shangazi, au na ustadhat. Na mume anayempeleka mkewe hospitali akiona wakati umefika, atoke nje akanywe maji.

Kwa wanawake wa Tanzania, saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza katika saratani zote, na wengi hufika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road ikiwa imekwisha kuenea. Ikigunduliwa mapema hutibika, na dalili za awali za ugonjwa kabla haujawa saratani huonekana kwa kipimo kifupi. Chanjo ya kuwakinga mabinti ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Dalili ya kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa, haingojewi.

Nimewasema wagonjwa vya kutosha. Hospitali nazo zina utamaduni wao, ingawa wenyewe huuita utaratibu. Daktari wetu amesomeshwa udaktari kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Maradhi anayajua kwa lugha hiyo, na sisi tunayajua kwa lugha yetu. Akitaka kuficha jambo humwambia muuguzi kwa Kiingereza juu ya kichwa cha mgonjwa, na mgonjwa hubaki akisoma nyuso. Jina lake na ugonjwa wake hutangazwa dirishani kwa sauti ambayo muadhini angeionea wivu. Na kuna kukaripiwa. Mgonjwa aliyekaripiwa mara moja kwa kunywa kombe au mizizi hajifunzi kuacha. Hujifunza kutosema, na daktari akimwandikia dawa nyingine hajui inakutana na nini tumboni.

Mfano wa madhara ya kukaripia ni degedege. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba akina mama wengi walilitenga degedege na malaria. Homa ya malaria waliipeleka zahanati, lakini mtoto akikakamaa na kugeuza macho walisema ni degedege, jambo la shetani aliye mfano wa ndege, na mwenye tiba yake ni mganga. Walihofia pia kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Ukifikiri, hofu ile ilikuwa na chanzo kinachoeleweka: mtoto hupelekwa hospitali akiwa amechelewa, huchomwa sindano, hufa, na wanaoshuhudia huunganisha mambo mawili ya mwisho waliyoyaona. Muuguzi anayemcheka mama kwa neno "degedege" amemfundisha kutolitaja tena. Muuguzi anayesema, "Degedege hilo naliona, na homa kali ya malaria ndiyo iliyolileta, tukiitibu homa na hilo litaondoka," amemwachia mama neno lake, na mtoto amempata.

Arthur Kleinman, tabibu wa maradhi ya akili wa Marekani aliyesomea pia elimu ya tamaduni za watu, aliwashauri madaktari tangu mwaka 1978 kwamba wamuulize mgonjwa yeye mwenyewe anaonaje ugonjwa wake: anauitaje, anadhani umeletwa na nini, na ni kitu gani anachokihofia zaidi. Maswali hayo hayachukui dakika tano. Hilo la mwisho, la hofu, ningependa libandikwe ukutani katika kila chumba cha daktari.

Nayo maneno yaliyo mepesi kabisa yana mitego. Bahasha ya dawa imeandikwa "kutwa mara tatu". Kutwa kwa Kiswahili ni mchana, tangu kupambazuka hadi jua kutua, na wapo wanaomeza vidonge vitatu vyote kabla ya Magharibi ilhali dawa ilitakiwa imezwe kila baada ya saa nane, usiku na mchana. Mgonjwa wa upasuaji akiambiwa asile chochote "usiku wa Jumanne", mzee wetu anayehesabu kwamba siku huanza jua linapozama atauchukua usiku ule ambao daktari anauita wa Jumatatu, na atakula usiku aliotakiwa kufunga. Afadhali kusema "usiku wa kuamkia Jumatano". Tena kuna "presha". Mtu akiambiwa presha yake imekaa sawa huacha vidonge, kwa sababu kwake presha ni mawazo, na mawazo yamekwisha. Hajaambiwa kwamba vidonge ndivyo vilivyoikalisha sawa. Dawa ya mitego hii ni daktari kumwomba mgonjwa amrudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kutoka. Wenye kufundisha Qur'ani wanaijua njia hiyo siku nyingi. Hakuna mwalimu wa madrasa anayemwacha mtoto aende kwa kuwa amesema "nimeelewa". Humwambia asome.

Liko jambo la mwisho, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Jamaa humfuata daktari ukumbini wakamwambia, "Daktari, tafadhali mzee usimwambie." Daktari naye amekulia kwetu, anakubali, na mzee anaambiwa ana vidonda vya tumbo. Nia ni huruma. Wanachelea asije akakata tamaa, na wanaona kwamba kulitamka jambo ni kama kuliita. Siwadharau kwa hilo.

Lakini mimi ni mtu ninayesimama karibu na jeneza. Kabla ya swala ya maiti huulizwa, kama ilivyo desturi, ni nani anayemdai marehemu. Mwaka juzi walijitokeza watu watatu kwa mpigo, na watoto wa marehemu hawakuwa na habari ya hata mmoja. Mmoja alikuwa na amana ya fedha alizomwekea marehemu kwa miaka sita. Palikuwa na shamba lisilo na hati, ambalo nusu yake marehemu aliwahi kusema kwa mdomo kwamba ni wakfu wa madrasa. Hakuna aliyeandika, na leo ndugu wawili hawasalimiani kwa ajili yake. Deni hutangulia mirathi. Wasia haupiti theluthi, wala hauendi kwa mrithi. Mtume (SAW) alihimiza kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asikae siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Watoto wale walijua kwa miezi minne kwamba baba yao hatapona. Baba hakujua. Miezi minne ile ilikuwa mali yake, na alikuwa na akili yake timamu hadi wiki ya mwisho.

Sisemi daktari amtupie mtu habari nzito kama anayemsomea risiti. Anaweza kuuliza kwanza: "Mzee, ungependa habari za ugonjwa wako nikueleze wewe mwenyewe, au nimweleze mwanao?" Wapo watakaosema "Mweleze mwanangu," na hiyo ni haki yao waliyoitumia kwa hiari. Wapo watakaosema "Niambie mimi." Waambiwe kwa taratibu, akiwapo wanayemwamini, awe kaka yake mkubwa au imamu wake, na waachiwe muda wa kunyamaza. Watoto nao wakiona uzito, waje watuone. Hilo tumeliweka katika kazi za kamati.

Namalizia na suala lililonifikia kwa barua kutoka kwa msomaji wa kike. Anauliza: akimweleza daktari matatizo yake ya faragha, ambayo hayawezi kuelezeka bila ya kutaja mambo ya mumewe, je, hatakuwa ametoa siri ya kitanda iliyokatazwa? Jibu ni kwamba lililokatazwa ni kuyasimulia mambo hayo kwa mazungumzo na kujifakhirisha. Wanachuoni wameitoa haja ya kweli nje ya katazo. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja sababu sita zinazohalalisha kumsema mtu asiyekuwapo, mojawapo ni kutafuta fatwa. Na miongoni mwa dalili zake ni Hind bint Utba aliyemlalamikia Mtume (SAW) kuhusu ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, naye akamjibu suala lake bila ya kumkemea. Kutafuta tiba ni haja ya namna hiyo. Aseme kwa kiasi kinachohitajika. Akifika mapokezi aombe tangu mwanzo kuonana na daktari mwanamke. Ombi hilo si usumbufu kwa mtu. Asipopatikana, na ugonjwa haungoji, atatibiwa na mwanamume kwa dharura, na aombe muuguzi mwanamke awepo chumbani na pazia lifungwe. Ikiwa hana wa kufuatana naye, ustadhat wa darsa la Jumatano ana majina ya akina mama wanne waliojitolea kwa kazi hiyo, na hawaulizi mtu anaumwa nini.